Mwalimu, Newton hana kosa: kwa nini Dunia yako inatoroka kwenye skrini

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari huku Songea. Nataka kutengeneza simulesheni ya sayari zinavyozunguka Jua, ifunguke kwenye brauza na wanafunzi waguse na kubadilisha vitu wenyewe, sio kuangalia tu. Nimeandika kwa JavaScript nikitumia kanuni ya Newton kama ilivyo kitabuni, lakini Dunia haitulii, kila mzunguko inasogea nje kidogo mpaka inapotelea pembeni ya skrini. Jamaa mmoja kaniambia niachane na Newton, nichore duaradufu niizungushe tu. Nifanyeje? Intaneti ya shule ni ya kubahatisha na wengi watatumia simu.

JIBU: Mwalimu, usifute kitu. Fomula yako iko sawa kabisa, kilichokuangusha ni mpangilio wa mistari michache tu na tutaurekebisha sasa hivi. Na huyo jamaa yako usimpuuze moja kwa moja, maana kuna mahali duaradufu ya kuchora ndio jibu sahihi na kuna mahali ukiichora umemnyima mwanafunzi somo zima. Kinachoamua ni mwanafunzi anataka kuuliza nini. Kama anauliza "nikipunguza kasi ya Dunia itakuwaje?" hapo hakuna namna, kompyuta lazima ipige hesabu ya mvutano hatua kwa hatua. Kama anauliza "Mirihi leo iko upande gani?" hapo hatua kwa hatua ni kujitesa bure, unatumia sheria za Kepler za mwendo wa sayari unapata jibu la tarehe yoyote papo hapo. Mimi ningetengeneza kurasa mbili ndogo, moja ya kuchezea na moja ya kalenda, kuliko kulazimisha ukurasa mmoja ufanye yote.

Tuanze na kutoroka. Hata bila kuona kazi yako nina uhakika umeandika hivi, maana karibu kila mtu huanza hivi:

x = x + vx·dt
y = y + vy·dt
vx = vx + ax·dt
vy = vy + ay·dt

Hapo x na y ni mahali ilipo sayari, vx na vy ni kasi yake, ax na ay ni mchapuko unaotokana na mvutano, na dt ni kipande kidogo cha muda. Unasogeza sayari kwa kasi ya zamani, ukimaliza ndio unabadilisha kasi. Hiyo ndio njia ya Euler ya kawaida, na ubaya wake ni kwamba katika kila kipande cha muda sayari inakwenda kwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka unaogusa duara siku zote unaishia nje ya duara, hauishii ndani hata siku moja, kwa hiyo kila hatua inaingiza nishati kidogo ya bure na hakuna kitu kinachoitoa. Sio kidogo hivyo hata. Ukitumia hatua ya siku moja, Dunia ikianzia AU 1 (umbali wa wastani wa Dunia na Jua, kilomita milioni 149.6), mwaka wa kwanza tu wa kwenye skrini unaisha ikiwa karibu AU 1.18, na miaka kumi baadaye inakaribia AU 2, yaani imeshaipita Mirihi! Watu wengi wakiona hivyo wanapunguza dt, wanakwenda kwenye hatua ya saa moja, basi kutoroka kunapungua lakini hakuishi, kumecheleweshwa tu mpaka kipindi cha pili.

Dawa: badilisha kasi kwanza, kisha sogeza kwa kasi mpya. Mistari ile ile minne, ya chini inapanda juu. Nishati itakuwa inapanda na kushuka kidogo ndani ya mzunguko lakini haijikusanyi, na obiti yako, yaani njia ya sayari, itakaa hata miaka elfu. Ukitaka nzuri zaidi kwa gharama ile ile, ongeza kasi kwa nusu ya dt, sogeza sayari kwa dt nzima, hesabu mvutano mahali papya, halafu malizia nusu ya kasi iliyobaki. Wenyewe wanaiita Verlet au "leapfrog", na kwa kazi yako inatosha kabisa. Utakutana na watu watakaokwambia utumie Runge-Kutta ya daraja la nne, ni njia nzuri sana kwa muda mfupi lakini nayo kwa muda mrefu nishati inamomonyoka polepole, halafu inahesabu mvutano mara nne kwa kila hatua, simu ya mwanafunzi ya nini kuitesa hivyo.

Vipimo sasa. Usiingize kilo na mita humo. Namba kama 1.989 × 10³⁰ zinafanya makosa yasionekane, ukikosea sifuri mbili utajuaje? Tumia AU kwa umbali, mwaka kwa muda na uzito wa Jua kuwa 1. Ukifanya hivyo GM ya Jua (namba ya mvutano ya Newton mara uzito wa Jua) inakuwa 4π², yaani kama 39.48, na kasi ya Dunia inakuwa 2π, yaani 6.283. Tena wanafunzi wenyewe wanaweza kuona kwa nini, maana Dunia inakwenda mzingo wa duara la nusu kipenyo 1 kwa mwaka 1. Kisha mvutano ni ax = −GM·x/r³ na ay = −GM·y/r³, r ikiwa umbali kutoka kwa Jua, basi. Kwenye skrini waoneshe kilomita kwa sekunde ukipenda: 6.283 yako ni takriban 29.8 km/s.

Ukifika hapo uwanja wa kuchezea umekamilika na raha inaanza. Mimi ningeweka slaida (kitelezi cha kuvuta kwa kidole) ya kasi, slaida ya uzito wa Jua, slaida ya uzito wa sayari, na kitufe cha kuzima Jua. Ila usiwaache wabonyeze hovyo, kwanza kila mmoja aandike kwenye daftari anadhani itatokea nini, ndio abonyeze. Bila hivyo inakuwa gemu tu.

Waambie wapunguze kasi ya Dunia iwe nusu. Karibu darasa zima litasema itaanguka kwenye Jua. Haianguki, inazama ndani mpaka AU 0.143, inapita nyuma ya Jua ikiwa na kasi kubwa halafu inarudi palepale ilipoanzia, na mwaka wake unakuwa siku 158 hivi. Namba hizo ni zako za kujikagulia pia, simulesheni ikikupa 170 kuna kitu hakijakaa sawa. Wakiongeza kasi mara 1.2 itakwenda mpaka AU 2.57 na mzunguko utachukua karibu miaka 2.4. Wakifika mara 1.414, yaani mzizi wa pili wa 2, ndio kwaheri, hairudi tena, hiyo ni kama 42 km/s.

Slaida ya uzito wa Jua ina zawadi yake. Ukilifanya Jua zito mara mbili ghafla Dunia inaingia ndani mpaka AU 0.333 kisha inarudi, hilo wengi wanalikubali bila shida. Lakini ukilipunguza liwe nusu Dunia inaondoka kabisa. Nusu tu! Wanafunzi wanategemea obiti itatanuka kidogo, kumbe kasi ile ile ya Dunia inayotosha kuzunguka Jua zima inatosha kutoroka nusu ya Jua, na ni ile ile hesabu ya mzizi wa 2, waache waitafute wenyewe. Slaida ya uzito wa sayari nayo iweke hata kama haifanyi kitu, tena iweke hasa kwa sababu haifanyi kitu. Mwanafunzi atavuta Dunia iwe nzito mara kumi, mara hamsini, obiti haitikisiki, atakuja kukwambia mwalimu hii imeharibika. Hapo una somo la dakika ishirini la kwa nini m inakatwa pande zote mbili. Na kitufe cha kuzima Jua: sayari inakwenda mstari ulionyooka kuanzia pale ilipo. Wengi watakuwa wamechora inarushwa nje moja kwa moja kutoka kwa Jua, au inaendelea kupinda kidogo kabla ya kunyooka.

Angalizo moja la kiufundi. Sayari ikipita karibu sana na Jua hatua ya siku moja haitoshi, duaradufu itaanza kujizungusha yenyewe kidogo kidogo kila mzunguko, na kuna mwanafunzi mjanja atakayesema huo ndio ule mzunguko wa obiti ya Zebaki ulioelezwa na Einstein. Hapana. Ule wa Einstein ni sekunde 43 za nyuzi kwa karne nzima, hauonekani kwa macho kwenye skrini yoyote, unaouona ni uvivu wa hatua zako. Tumia hatua ya 0.0005 ya mwaka, ni kama saa nne na nusu, utakuwa salama kwa jaribio la nusu kasi. Na weka sharti kwamba r ikiwa ndogo kuliko 0.00465, hiyo ndio nusu kipenyo ya Jua kwa AU, sayari imeungua, simamisha. Bila sharti hilo r ikikaribia sifuri mvutano unakuwa mkubwa ajabu na sayari inafyatuliwa nje kama risasi, na watoto watapenda sana hiyo risasi kuliko fizikia.

Suala la muda kwenye brauza linawaumiza wengi kimya kimya. Ukitumia requestAnimationFrame (amri ya brauza ya kuchora kila fremu) na kusogeza hatua moja kila fremu, simu ya skrini ya 60 kwa sekunde na ile ya 120 zitaendesha ulimwengu mbili tofauti, mwaka wa huyu unaisha wakati mwenzake yuko nusu. Kwa hiyo pima muda halisi uliopita tangu fremu ya mwisho, uweke kwenye akiba, halafu chota hatua za ukubwa ule ule mpaka akiba iishe. Na weka kikomo, fremu ikizidi sekunde 0.1 ihesabu kama 0.1. Sababu ni hii: mwanafunzi akihamia WhatsApp brauza inasimamisha fremu, akirudi baada ya dakika tano programu inakuta akiba ya sekunde 300, inajaribu kulipa deni lote kwa mpigo na simu inaganda. Jambo jingine dogo, kwenye kanvasi, yaani eneo la kuchorea la ukurasa, y inaongezeka kwenda chini, kwa hiyo usipogeuza alama sayari zako zitazunguka kama mishale ya saa wakati ukitazama kutoka juu ya kaskazini zote nane zinakwenda kinyume na saa. Simulesheni nyingi sana zinakwenda kinyumenyume kwa sababu hiyo na hakuna anayestuka.

Sasa nije kwenye picha, maana hapa ndio naona simulesheni nyingi zinadanganya kuliko kwenye hesabu, na zinadanganya bila kusema. Vitabu vingi vimechora njia ya Dunia kama yai, kwa sababu mchoraji ameitazama kwa pembeni, na mwanafunzi anaondoka akiamini kweli ni yai. Ukichora obiti ya Dunia yenye upana wa pikseli 400, kimo chake ni pikseli 399.94. Jicho halioni! Kinachoonekana ni kwamba Jua haliko katikati, limesogea pikseli 3.3. Kwa Mirihi kimo ni 398 na Jua limesogea karibu 19. Zebaki, ambayo ndio imepinda kuliko zote nane, kimo ni 391 na Jua limesogea 41. Yaani obiti za sayari zinafanana sana na duara, ila Jua limekaa upande, na wanafunzi wakiliona hilo kwa macho wataelewa kwa nini Kepler alisota miaka na Mirihi kabla ya kutoa sheria zake mbili za kwanza mwaka 1609. Kwa hiyo chora kwa kutazama kutoka juu, usilaze picha ili ipendeze. Ukitaka duaradufu ya kweli ya kuonesha sheria ya pili, ile ya maeneo sawa kwa muda sawa, ongeza kometi ya Halley: a (nusu ya urefu wa duaradufu) ni AU 17.8, e (kiasi cha kubonyea, 0 ni duara kamili) ni 0.967, inafika ndani kuliko Zuhura na nje kuliko Neptune, na inarudi 2061. Au Zebaki, ambayo inakwenda 59 km/s ikiwa karibu na 39 ikiwa mbali. Kwa Dunia sheria ya pili haionekani, usihangaike nayo.

Hili la umbo linagusa majira pia, na wewe uko kusini kwa hiyo kazi yako ni ngumu kuliko ya mwalimu wa Ulaya. Yeye akiwaambia wanafunzi wake kwamba Dunia iko karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147.1, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152.1, wanashangaa, kwa sababu kwao Januari ndio barafu. Wa kwako hawatashangaa! Julai Songea na Njombe baridi inakata, Dunia iko mbali, Januari kuna joto, Dunia iko karibu, kila kitu kinakubaliana na nadharia isiyo sahihi. Simulesheni peke yake haiwezi kuitoa hiyo, tena inaweza kuikomaza. Weka kipimo cha umbali kinachobadilika na tarehe, halafu kando yake uliza swali moja tu: Julai hiyo hiyo London ni msimu gani? Ukishawatoa hapo ndio unaingia kwenye kuinama kwa mhimili, nyuzi 23.4, na mimi ningelifanya kwa mpira na tochi sio kwa skrini.

Uongo wa pili ni wa ukubwa, na huu hauepukiki kwa hiyo uukiri wazi. Simu ya upana wa pikseli 360 ukitaka Neptune ionekane, AU moja inapata pikseli 6, Zebaki inakaa pikseli 2 kutoka katikati na Jua lenyewe kwa kipimo cha kweli ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pikseli. Wengine wanatumia skeli ya logi ili zote zienee, mimi siipendi kwa wanafunzi kwa sababu inapindisha umbo la obiti na kufanya kasi zisilinganishike, yaani unaharibu kile kile ulichokuja kufundisha. Weka zumu ya vidole viwili, weka vitufe viwili vya "sayari za ndani" na "zote", na chini uandike kwa maandishi yanayosomeka: ukubwa wa Jua na sayari umekuzwa, umbali ni wa kweli. Halafu watoe nje siku moja. Jua liwe mpira wa sentimita 10, Dunia itakuwa chembe isiyofika milimita moja, mita 10.75 kutoka hapo. Mshtarii mita 56. Uwanja wa mpira wa mita mia unaishia karibu na Zohali, na Neptune iko mita 323, huko labda ni kwa jirani wa shule.

Kuhusu intaneti, andika kila kitu ndani ya faili moja la HTML, bila laibrari yoyote ya kupakua. Kanvasi ya kawaida ya pande mbili inatosha, usishawishike na 3D, inaongeza uzito na inakurudisha kwenye lile yai. Faili lote halitafika hata kilobaiti 50, linapita kwa flashi, kwa Bluetooth, kwa WhatsApp kama dokyumenti. Usigawe programu kwenye moduli za mafaili mengi, kwa sababu faili likifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye simu brauza inakataa kuvuta moduli za pembeni. Na waambie wachague Chrome au Firefox wakati wa kufungua, kuna simu zina kisomaji chake cha HTML ambacho hakiendeshi JavaScript, utaona ukurasa mtupu ulaumiwe wewe. Faida nyingine ya kutotegemea vitu vya watu ni umri: simulesheni nyingi nzuri za fizikia zilizoandikwa kwa Flash (programu ya zamani ya kuendesha michoro kwenye brauza) zilikata roho ilipofungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, wakati HTML ya kawaida ya miaka ishirini iliyopita bado inafunguka.

Mwisho ule ukurasa wa kalenda. Hapa ndio unamsikiliza jamaa yako, ila usizungushe duaradufu kwa kasi moja, hiyo ndio dhambi. Chukua milisekunde za tarehe kutoka JavaScript, gawa kwa 86400000, ongeza 2440587.5, toa 2451545, gawa kwa 36525, utapata T, yaani karne tangu mwanzo wa 2000. L ni pembe ya wastani ya sayari kwa nyuzi. Kwa Dunia L = 100.465 + 35999.372·T na pembe ya sehemu ya karibu na Jua, tuiite w, ni 102.938, a ni 1 na e ni 0.0167. Kwa Mirihi L = −4.553 + 19140.303·T, w ni −23.944, a ni 1.5237 na e ni 0.0934. M ni L toa w, ipunguze ibaki kati ya 0 na 360, igeuze iwe radiani, halafu tafuta E, pembe ya kusaidia hesabu, inayotimiza M = E − e·sin E. Haina jibu la moja kwa moja, unakisia na kusahihisha, anza na E = M kisha rudia E = E − (E − e·sin E − M)/(1 − e·cos E), kwa sayari mara nne zinatosha sana, kwa Halley anzia E = π. Ukiipata, x = a(cos E − e) na y = a√(1 − e²)·sin E, halafu zungusha picha kwa w. Mielekeo midogo ya obiti iache, kwa darasa haina kazi.

Kujua kama umepatia, weka tarehe 19 Februari 2027. Siku hiyo Jua, Dunia na Mirihi vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja, Dunia na Mirihi zote zikiwa kwenye pembe ya nyuzi 150 hivi kutoka kwa Jua. Zikipishana nyuzi moja au mbili sawa, zikipishana sana angalia kwanza kama hujachanganya nyuzi na radiani, ni hapo hapo watu huwa wanakwama. Zikikaa kwenye mstari, usiku huo watoe wanafunzi nje baada ya Jua kuzama, Mirihi itakuwa inachomoza mashariki.